Maarifa ya Nyumbani: Dawa Haisafiri Bila Chombo

Juma hili tumeletewa barua kutoka Nabuyoga, wilayani Tororo, upande wa Uganda, si safari ndefu kutoka mpaka wa Busia. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne. Anaeleza kuwa mwanawe wa tatu, mwenye miaka mitano, alishikwa na malaria wakati wa mvua. Alipelekwa akapimwa damu, akapewa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, naye mama akampa vidonge vyote kwa siku 3 bila kuruka hata mara moja. Mtoto akapona, akarudi kucheza na wenzake. Siku ya 18 homa ikamrudia. Mama anauliza: je, niliuziwa dawa mbovu?

Katika ukurasa wa pili wa barua yake anaongeza swali jingine. Amesikia redioni kwamba wataalamu wa ng'ambo wanajaribu kusafirisha dawa mwilini kwa kutumia vimwani, yaani mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo ikikusanyika kwa wingi ndiyo hufanya maji yawe ya kijani. Kwa kuwa mabondeni kwao maji ya mpunga yametanda kijani, je, haifai auchote utando ule, aukaushe juani, amchanganyie mtoto katika uji pamoja na dawa?

Msomaji anaweza kudhani kuwa maswali haya mawili hayana undugu. Sisi twayaona kuwa ni swali moja, na jibu lake limejificha katika sentensi ambayo mama mwenyewe aliiandika kama jambo la kupita tu: kwamba siku zile tatu mtoto alikataa chakula kabisa, hivyo vidonge alivimeza kwa maji matupu.

Kabla ya kufika hapo, tuseme wazi kwamba homa ya pili haithibitishi kuwa dawa ilikuwa mbovu. Inawezekana ni malaria mpya kabisa, kwa maana Tororo ni nchi ya mbu. Huko Nagongera, katika wilaya hiyo hiyo, wachunguzi waliowakamata na kuwahesabu mbu kati ya mwaka 2011 na 2013 walikadiria kuwa mtu mmoja hupata miumo yenye vijidudu vya malaria mara 310 kwa mwaka, karibu kila usiku mmoja. Unyunyizaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014 ukaishusha malaria hiyo sana, watu wakapumua. Lakini tangu mwaka 2020 ikaanza kupanda tena. Mtoto anayeishi mahali pa namna hiyo anaweza kupona leo akaumwa na mbu mwingine kesho kutwa. Lakini inawezekana pia kuwa vijidudu vya mwanzo havikwisha, kwa sababu dawa iliyomezwa haikufika yote ilikopaswa kufika. Hapo ndipo penye somo letu la leo.

Wakazi wa mpakani hawahitaji kufundishwa maana ya chombo cha usafiri. Boda boda, ambayo siku hizi imeenea Afrika Mashariki nzima, ilizaliwa hapo hapo Busia: baiskeli yenye kiti cha nyuma, iliyombeba abiria na mzigo wake kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Abiria alikuwa na haja yake, na fedha anazo, lakini bila baiskeli ile alichelewa au hakufika. Dawa nayo ni abiria. Ikimezwa huwa imefika tumboni tu, na tumbo bado ni nje ya mpaka. Sharti ipenye ukuta wa utumbo, iingie katika damu, ipite kwenye ini ambako nyingi huharibiwa, ndipo ipelekwe kwenye ugonjwa. Ziko dawa zinazopita mpaka huo kwa urahisi kwa sababu huyeyuka katika maji. Nyingine huchukia maji kama mafuta yanavyoyachukia. Hizo hukaa utumboni kama mchanga katika kikombe, kisha hutoka na choo, nawe umezilipia.

Lumefantrini ni ya kundi hilo la pili. Katika dawa mseto kila mmoja ana kazi yake. Artemetha hupiga upesi na kuishusha homa, halafu hutoweka mwilini kwa saa chache. Lumefantrini hubaki nyuma siku nyingi ikiwafagia wale waliosalia. Basi lumefantrini isipoingia ya kutosha, mtoto atapata nafuu vilevile siku ya pili, mama atafurahi, na waliosalia watazaana polepole mpaka juma la tatu. Watengenezaji walipoipima kwa watu wazima wenye afya, waliona kuwa mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiasi cha lumefantrini kinachoingia katika damu mara 16 kuliko kuimeza kwa njaa. Mara 16! Ni kidonge kile kile, chenye bei ile ile. Tofauti ni kwamba mafuta huuamsha mfuko wa nyongo, nyongo huyapasua mafuta yakawa matone madogo sana, na dawa hupanda katika matone hayo ikavuka nayo.

Kwa ufupi, mafuta ya chakula ndiyo boda boda ya dawa hii. Na wataalamu wanaozungumzwa redioni wanatafuta boda boda iliyo bora kuliko hiyo, iliyo ndogo, isiyo na sumu, isiyotengenezwa kwa kemikali za gharama, na ambayo ingeweza hata kuchaguliwa njia. Vibebeo vya namna hiyo si jambo geni. Tangu mwaka 1995 Marekani iliruhusu dawa moja ya saratani iliyofungwa ndani ya vijifuko vya mafuta, na chanjo kadhaa za UVIKO zilizotolewa mwishoni mwa mwaka 2020 zilisafiri ndani ya vijitone vya mafuta. Lakini wasomaji watakumbuka pia adha yake: moja ya chanjo hizo ilihitaji baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Zahanati ya kijijini, ambayo umeme wake hukatika mvua ikinyesha, itaipata wapi baridi hiyo? Ndiyo sababu macho yamegeukia vimwani, ambavyo havidai zaidi ya jua, maji, chumvichumvi kidogo na hewa ya ukaa.

Namna ya kwanza ya kibebeo cha vimwani haiko mbali na msomaji wetu. Dereva yeyote wa lori anayetoka Mombasa kwenda Malaba huipita, kando ya barabara kuu, karibu na Gilgil nchini Kenya, mahali paitwapo Kariandusi. Hapo pana mlima uliochimbwa ukabaki mweupe kama unga wa muhogo. Weupe ule si chokaa. Ni mabaki ya vimwani viitwavyo daiatomu, vilivyoishi katika ziwa la kale lililokauka. Daiatomu hujijengea nyumba ya silika, kitu kile kile kinachofanya kioo, na nyumba hiyo imetobolewa vitundu kwa mpango wa ajabu, mithili ya ukili uliosukwa na fundi. Kimwani kikifa, nyumba huzama ikabaki. Kwa maelfu kwa maelfu ya miaka nyumba hizo zikarundikana mpaka zikawa mlima, nao binadamu akaja akaufanya machimbo. Unga wake huchujia bia, hutiwa katika rangi, na hutumika kuhifadhi nafaka, kwa kuwa hunyonya nta iliyo juu ya ngozi ya dumuzi na fukusi, nao hukauka wakafa bila sumu yoyote.

Kitu kinachonyonya hivyo chaweza pia kubeba. Wa kwanza kuligundua jambo hilo kwa faida kubwa alikuwa Alfred Nobel wa Sweden, ambaye mwaka 1867 alisajili baruti yake: nitrogliserini, mafuta hatari yanayolipuka yakitikiswa tu, yalinyweshwa unga wa daiatomu yakatulia, yakawa ya kubebeka. Na katika miaka ya mwisho ya maisha yake, kabla ya kufariki mwaka 1896, madaktari walimwandikia Nobel nitrogliserini hiyo hiyo kama dawa ya moyo. Mwenyewe alilionea ajabu jambo hilo, na nani asingeona?

Leo wanaojaza nyumba za daiatomu hawazijazi baruti. Huko Australia, kuanzia mwaka 2011, watafiti walionyesha kuwa unga huo uliosafishwa ukijazwa dawa ya maumivu iitwayo indomethasini huiachia kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili hivi. Mwaka 2015 kundi jingine la huko likaenda mbali zaidi. Walikibadili kimwani chenyewe katika mbegu zake za urithi, kikajenga nyumba yenye ndoano za kukamatia kingamwili, na kingamwili hizo zikakiongoza kibebeo kwenye seli za saratani. Katika panya waliopewa, uvimbe ulipungua.

Namna ya pili ni ndogo zaidi. Seli hai yoyote, ya mtu, ya ng'ombe au ya mmea, hutoa vijifuko vidogo mno vyenye ngozi ya mafuta, na kwa vijifuko hivyo seli hupelekeana habari kama majirani wanavyopelekeana sahani yenye kifuniko. Mjini Palermo, nchini Italia, wanasayansi waligundua kuwa kimwani cha baharini kiitwacho tetraselmisi, ambacho hufugwa kwa chakula cha samaki, hutoa vijifuko hivi kwa wingi, na habari zao zikachapishwa mwaka 2021. Ukubwa wa kijifuko ni kiasi cha nanomita 100; unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 au zaidi. Ngozi yake ya mafuta huweza kumchukua abiria achukiaye maji, yaani wa tabia ile ile ya lumefantrini yetu. Walipovijaribu katika seli za maabara na katika vijinyoo vidogo vya uchunguzi, havikuonyesha sumu. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia yenye matumaini makubwa kuliko zote, kwani kimwani hakichinjwi ili kutoa kijifuko. Kinakamuliwa, kama tusemavyo kuhusu ng'ombe, na kesho yake kinatoa tena.

Ya tatu inashangaza, nasi tunaitaja kwa kuwa huenda ndiyo iliyosikika redioni. Mwaka 2022 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, mjini San Diego, walichukua kimwani cha maji baridi kiitwacho klamidomonasi, ambacho kina mijeledi miwili ya kuogelea, wakakibandika chembe zenye dawa ya kuua bakteria, wakakiingiza katika mapafu ya panya wenye nimonia kali. Vimwani vikaogelea ndani ya pafu vikigawa dawa. Panya walioachwa bila tiba walikufa katika siku 3. Waliotibiwa walikuwa hai hata baada ya siku 30. Na ili kupata matokeo hayo kwa sindano ya mshipani, ilibidi dawa iwe nyingi zaidi ya mara 3,000.

Lakini panya si mtoto wa Nabuyoga. Katika haya yote tuliyoyasimulia, hakuna hata kimoja ambacho mama anaweza kukiomba zahanati akapewa. Kuna kazi ndefu iliyobaki: kujua vijifuko vinakwenda wapi baada ya kazi, kuhakikisha kila pipa la vimwani linatoa kitu cha namna moja, kuondoa silika isikae mwilini, na kulipia majaribio kwa watu, ambayo hugharimu fedha nyingi kuliko ufugaji wenyewe. Nasi twajiuliza, bila ubaya kwa mtu, kwa nini tafiti nyingi za aina hii hulenga saratani na ni chache mno zinazomfikiria abiria wetu wa malaria, hali maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa yamejaa vimwani kiasi cha kuwalisha heroe kwa malaki, na mlima wa Kariandusi umesimama kando ya barabara. Vyuo vyetu vikuu vina vijana wa kemia na famasia. Hili lingewafaa kuliko kungoja vijifuko viletwe kwa ndege kutoka Palermo, tena kwa bei ya Palermo.

Suala hili si la kusubiri sana. Mwaka 2021 watafiti walithibitisha kuwa kaskazini mwa Uganda wapo vijidudu vya malaria vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemetha. Mwenziwe wa pili anapoingia mwilini nusu nusu kwa kukosa chombo, vijidudu hivyo hupata nafasi ya kumzoea yeye pia.

Basi turudi jikoni, ambako chombo kipo tayari. Mafuta yanayohitajika si mengi. Wachunguzi waliowapa watu wazima wenye afya dawa hii pamoja na maziwa ya soya walikadiria mwaka 2007 kwamba gramu 1.2 tu za mafuta, zilizomo katika mililita 36 za maziwa hayo, zatosha kuleta karibu faida yote. Hayo hayajai hata robo ya kikombe. Maziwa ya ng'ombe yasiyoenguliwa yana mafuta ya kiasi hicho hicho. Kwa wasio na ng'ombe, Tororo ina karanga na ufuta: kijiko kimoja cha chai cha karanga zilizosagwa, kikikorogwa katika uji wa ulezi, kina mafuta yanayozidi kipimo hicho. Mtoto anyonyaye, maziwa ya mama yake yanamtosha. Kwa mtoto asiyetaka kula, usimshurutishe sahani nzima. Mpe vijiko vichache vya uji huo, au maziwa kidogo, kisha dawa, na akipata hamu baadaye ale tena. Akikataa hata hayo, mpe dawa hivyo hivyo usiiahirishe, na umlishe mara tu atakapokubali.

Dozi ni 6 kwa siku 3. Ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, na zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Hiyo ya pili ndiyo inayowapotea wengi, kwa kuwa mtoto aliyeanza alasiri hana budi kuamshwa usiku wa manane. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kupita tangu kumeza, dozi hiyo irudiwe, na zahanati iombwe nyongeza ili vidonge visipunguke mwishoni. Asiyeweza kabisa kushika kitu tumboni, au anayepatwa na degedege, au aliyelegea asiitike, huyo si wa kungojewa uji. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na huyu wa siku ya 18, bibi, mrudishe akapimwe leo usingoje kesho, nawe umweleze mganga tarehe ya dawa ya kwanza na kwamba ilimezwa kwa maji matupu. Omba damu itazamwe kwa darubini, kwa sababu kile kipimo cha haraka cha kijikaratasi huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa hata baada ya mtu kupona. Usimpe dawa iliyobakia nyumbani kwa jirani. Huenda safari hii mganga akaamua kutumia nyingine, na hilo ni lake kuamua.

Kuhusu utando wa bondeni: usiuchote. Vimwani vya maabara ni mbegu moja iliyochaguliwa, ikafugwa peke yake katika maji safi. Utando wa mpunga ni soko lenye kila mtu. Miongoni mwao mna jamii ya kijani-buluu, kama ile inayotanda katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria kunapokuwa na joto, na baadhi yake hutoa sumu inayolidhuru ini, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Ni kweli kwamba wanawake wa Kanem, kando ya Ziwa Chad, hukusanya spirulina, wakaikausha juu ya mchanga, wakaipika mchuzi, na watoto wao huila wakanenepa. Lakini wao wanavuna madimbwi ya magadi wanayoyajua tangu mabibi zao, ambamo kiumbe kingine ni shida kuishi. Bonde la Nabuyoga lina maji baridi, lina mbolea za shamba, na ng'ombe hunywea humo humo. Vilevile unga wa Kariandusi unaouzwa kwa nafaka ubaki kuwa wa nafaka. Usilambwe, na anayeuchanganya na mahindi ajifunge kitambaa puani, maana vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki.

Ukiona kijani kimeanza kushika ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, umwage maji, uusugue kwa mchanga na majivu, uuanike juani siku nzima, kisha uuweke mahali pasipopigwa na mwanga, ukiwa na kifuniko. Vimwani haviishi gizani.